Pilipili za Kitanda Namba Tisa

Siku Zakaria, dresa, yaani mhudumu wa sindano wa wodi ya kifua, alipoyatupa makopo yangu sita ya pilipili kwenye shimo la taka, nilikuwa nimekwisha kudungwa sindano kila siku kwa miezi saba, sikio langu la kushoto lilikuwa limeziba, na mtoto wangu alikuwa anamwita bibi yake "mama". Hayo yote niliyavumilia. Makopo sikuyavumilia.

"Mkaguzi anakuja kesho," alisema, huku anajipangusa udongo mikononi kwa shuka langu. "Hapa ni hospitali, Mama Pilipili. Si shamba la baba yako."

Akaondoka zake kwenda ofisini. Mimi nikaenda shimoni, peku, katika tope la mvua za kwanza. Miche mitano ilikuwa imevunjika shingo. Mmoja ulisimama bado ndani ya kopo lake la maziwa ya unga, na matunda yake yote juu. Nikalikumbatia kopo hilo, nikaingia ofisini bila kupiga hodi, nikalitua juu ya kitabu kikubwa alichokuwa anaandikia. Udongo ukamwagika ukurasa mzima.

"Haya, mwandikie mkaguzi na hili," nikamwambia.

Nilichokisoma nilipoupangusa udongo ule ndicho kinachonifanya niandike haya. Lakini nianze mwanzo. Kama wewe ni mama na umeambiwa leo una kifua kikuu, hutaki kufundishwa kuhusu vijidudu. Unataka kujua siku zinapitaje.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulikaa Makambako, chumba kimoja nyuma ya ghala la nafaka ambako mume wangu Yoramu ni karani. Mimi nilisoma hadi sekondari, jambo ambalo ukweni kwangu Kichiwa lilikumbushwa kila nilipounguza mboga. Kikohozi kilianza wakati wa mvua. Watu wakasema ni baridi, nami nikasema ni baridi. Nilikonda mpaka pete ikanichomoka kidoleni ikaingia kwenye unga, bado nikasema ni baridi. Mwezi wa nne nilikohoa damu kwenye kitambaa cha mtoto. Hapo sikusema tena.

Tulipanda lori kwenda Njombe: mimi, mama mkwe, na Eliza wangu mwenye mwaka mmoja na miezi miwili. Hospitali sitaitaja. Nitataja benchi lake. Ni ubao mrefu wa mti wa muwati, na watu husogea wenyewe ukikohoa, mpaka unabaki umekaa peke yako katikati na nafasi ya watu wanne kila upande. Tulikaa hapo tangu asubuhi hadi jua likahama ukuta. Daktari Mzungu alisema maneno mengi. Dresa akayatafsiri kwa maneno mawili: "Utalala hapa." Mimi nilikuwa nimeelewa yote kwa Kiingereza, ila hakuna aliyeniuliza. Alikuwa amesema pia kwamba mtoto asinyonye tena, kuanzia saa ile.

Eliza alikuwa ameshika nguo yangu kifuani. Mama mkwe akafungua pindo la kitenge chake, akatoa pilipili kichaa mbili. Alikuwa amekuja nazo kutoka nyumbani.

"Paka, mwanangu," akaniambia. "Akionja mara moja, hatakusumbua tena."

Nikapaka. Eliza akaweka mdomo, akautoa, akanitazama kabla hajalia. Kutazamwa kule sikuombei hata wewe usiyenijua. Kitu cha mwisho nilichomlisha mwanangu kwa titi langu kilikuwa pilipili.

Wodi ni nyumba ndefu ya bati yenye vitanda ishirini. Madirisha hayafungwi, ni amri, hata ukungu ukiingia na kukaa nasi kama mgonjwa wa ishirini na moja. Kila kitanda kina namba, na kando yake kopo la makohozi lenye namba hiyohiyo kwa rangi ya buluu. Wiki ya kwanza matiti yalivimba yakawa mawe. Sikupewa chombo. Maziwa ya mwanangu nikayakamulia kwenye kopo namba tisa, juu ya makohozi.

Sindano ilikuwa kila asubuhi. Ukishamaliza mwezi, hujui ukalie upande gani. Pamoja nayo kuna dawa ya unga, chungu, ambayo hukuonjesha ladha yake ikiingia na tena ikitoka. Mwezi wa pili wa sindano masikio yakaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Nikamwambia Zakaria.

"Unanisikia ninavyosema?"

"Nakusikia."

"Basi hayavumi. Geuka."

Jumapili moja mume wangu alipokuja nilimwomba kiboksi cha kiberiti kilichokuwa chini ya sanduku langu la shule. Mwalimu mkuu wetu alikuwa na pilipili za urembo kwenye vyungu dirishani. Mti wake ni mfupi, haufiki hata goti, na matunda husimama wima yakiangalia juu kama ndimi za moto: moja la zambarau, jingine la manjano, jingine la chungwa, jingine jekundu, yote kwenye mti mmoja. Siku ya mwisho ya shule nilichuma moja lililokauka. Sema niliiba. Mbegu zake ndizo zilizokuwa kwenye kiberiti.

"Wenzako wanaomba sabuni," Yoramu akasema, "wewe unaomba pilipili?"

"Ile ya kwanza ilimfukuza mtoto. Nataka nyingine aje kuitazama."

Akatikisa kichwa, lakini alikileta. Hilo nampa.

Kopo la kwanza nililiharibu. Nilitoboa matundu chini kwa msumari, nikaweka vipande vya mkaa ili maji yasituame, nikajaza udongo laini uliofukuliwa na fuko, uliochanganywa na samadi ya zamani, nikafukia mbegu kina cha ukucha, nikaweka dirishani. Wiki tatu, hakuna kitu. Nilipofukua, zimeoza. Baridi ya Njombe ya mwezi wa sita hairuhusu pilipili kuamka.

Nikafikiri: hapa wodini joto liko wapi? Jiko liko mbali na mpishi hataki mgonjwa karibu. Joto lililokuwepo ni langu. Kila siku saa kumi homa ilinipanda, nikawaka mpaka godoro likaloa. Basi mbegu za mara ya pili nililoweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikazipanda, nikafunika mdomo wa kopo kwa kitambaa, nikalilaza tumboni chini ya blanketi. Homa ikipanda, kopo linapata jua lake.

Damari wa kitanda namba kumi na nne ndiye aliyeligundua. Damari ni mama wa watoto watatu kutoka Kitandililo, mwembamba, mdomo haupumziki.

"Jamani, kamwene!" akaisalimu wodi nzima kwa Kibena. "Mama Eliza ana mimba ya kopo! Baba ni nani, Zakaria?"

Tulicheka mpaka kila mmoja akalipia kwa kikohozi chake. Siku ya kumi na moja, nilipofunua kitambaa, shingo sita za kijani zilikuwa zimeinama, zimebeba bado maganda ya mbegu kichwani. Ugonjwa ule haukunipa kitu kingine chochote. Miche ile ndiyo iliyotokana na homa yangu, na niliilia kama mjinga.

Miche ikiota haitaki tena blanketi, inataka jua. Jua la asubuhi liliingia dirisha moja tu, la Damari. Naye alilichukia dirisha lile kwa upepo wake. Tukakubaliana kubadilishana: yeye alale namba tisa ukutani, mimi nije namba kumi na nne. Tulimwambia Zakaria. Asiseme leo kwamba hatukumwambia. Alikuwa ameshika ndoo ya sindano, hakusimama hata.

"Laleni mtakavyo," akasema. "Mimi nahesabu vitanda, sihesabu wanawake."

Tukacheka na hilo pia.

Nilipohamishia miche kwenye makopo sita, kila mmoja na lake, niliandika kwa ncha ya msumari ubavuni mwa kopo moja, kama tulivyofundishwa kuandika kwenye vitalu vya shule: *Kit. 9, zimeota. Nimehamia kit. 14, Jumapili ya kwanza mwezi wa saba.* Sikuwa na kusudi lolote. Ni mazoea ya shule.

Wiki tatu baadaye walichukua makohozi ya kupeleka kupimwa, kazi inayofanywa kila miezi minne. Zakaria alipita alfajiri, akakusanya vikopo kwa namba. Majibu yalirudi mwezi wa nane. Akasimama mlangoni na karatasi.

"Damari, safi. Funga mizigo. Marta, bado. Miezi mitatu mingine."

Marta ndiye mimi.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, wewe uliyelala mahali kama pale. Homa yangu ya saa kumi ilikuwa imekoma tangu katikati ya mwezi wa saba. Nilikuwa nakula sahani yangu na nusu ya jirani. Sikukohoa. Damari alikohoa mpaka wakati anafunga kitenge cha safari, akashikilia ukingo wa kitanda, akatema, akacheka, akasema, "Basi cha mwisho hicho, nakiacha hapa." Nilimwona. Wote tulimwona. Lakini karatasi ilikuwa imesema, na sisi tuliamini karatasi kuliko kifua kilichokuwa mbele ya macho yetu. Mimi msomi ndiye niliyeamini kuliko wote. Nilifika mahali pa kujikoholesha asubuhi kwa makusudi, nione kama kuna kitu kitatoka.

Na nyumbani waliamini. Mama mkwe alinisemesha kutoka nje ya ua wa miti, maana watoto na wanaowalea hawakuruhusiwa kuingia.

"Mwanangu, usinifiche. Dawa unameza, au unatema?"

"Nameza, mama."

"Mwenzako ameingia baada yako, ametoka."

"Najua, mama."

"Basi kuna jambo."

Yoramu alikosa Jumapili mbili. Ya tatu alikuja na kaka yake, na kaka yake ndiye aliyezungumza, juu ya nyumba isiyo na mwanamke na chakula cha kuokota kwenye vibanda vya njia panda. Nikamwuliza mume wangu, "Na wewe una mdomo, au umemwazima?" Akasema makohozi hayadanganyi. Neno hilo tumelisamehe. Hatujalisahau.

Sindano ziliendelea, tisini na zaidi za nyongeza. Mwezi wa tisa nyuki wa sikio la kushoto walinyamaza. Nilidhani nimepona sikio, mpaka jirani aliponiita upande huo nisimsikie.

Pilipili ziliendelea nazo. Maua yake meupe madogo ukiyatikisa kwa kidole kidogo mchana, yanashika vizuri. Usizimwagie maji mpaka udongo ukauke juu. Ukikata ncha mche ukiwa na urefu wa shubiri, unatanuka na kuzaa zaidi hata ndani ya kopo. Mwezi wa kumi zilitoka za zambarau, kisha zikaanza kubadilika moja moja. Wanawake wa mwisho wa wodi waliomba kusogeza vitanda karibu waziangalie. Maharage ya pale hayana ladha ya kitu, basi Jumamosi nilikata moja kwa wembe, vipande kama chembe za chumvi, kila mtu kipande. Zinawasha, usidanganyike na urembo. Tulikula tukitokwa machozi, na kwa mara hiyo moja machozi yalikuwa ya chakula.

Jumapili iliyofuata nilibeba kopo hadi kwenye ua. Eliza alikuwa mgongoni kwa bibi yake. Miezi yote ile alikuwa ananikwepa, anaficha uso kwenye kitenge, anamwita bibi "mama". Alipoona zile rangi alinyoosha mkono kati ya miti, akacheka. Alizicheka pilipili, hakunicheka mimi, lakini zilikuwa mikononi mwangu.

"Pilipili tena?" mama mkwe akasema. Tukatazama chini wote wawili, kila mtu na yake.

Siku nne baadaye Zakaria akayatupa makopo.

Sasa turudi ofisini. Nilipoupangusa udongo kwenye kitabu, mstari uliokuwa chini ya kiganja changu ulikuwa wa mwezi wa saba: *Kitanda 9, Marta, vijidudu vimeonekana.* Chini yake: *Kitanda 14, Damari, havikuonekana.* Kwa Kiingereza, mwandiko wa Zakaria. Na siku ya kuchukua makohozi. Nikatazama kopo. Maandishi yangu ya msumari yalikuwa yananiangalia.

"Siku hii," nikasema, "namba tisa nililala mimi?"

"Unasoma Kizungu?"

"Nakuuliza, nani alilala namba tisa?"

Akavuta kitabu. Nikakikalia kwa viwiko.

"Mliruhusiwa na nani kubadilishana?"

"Na wewe. Ulisema unahesabu vitanda."

Alitazama kopo, akanyoosha mkono alichukue. "Kopo si cheti, Mama Eliza," akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa jina la mwanangu. Nilijua hapo kwamba anajua.

Sitakuwa mkweli nikisema hasira yangu ilikuwa ya sikio, au ya miezi mitatu. Iliponijia ilikuja na picha ya Damari, amelala Kitandililo kitanda kimoja na watoto watatu, na kikohozi kile alichosema amekiacha kwetu. Na mimi ndiye niliyetaka jua.

Niliandika barua jioni hiyohiyo. Kiingereza ninacho, lakini niliandika Kiswahili ili wanawake wa wodi waisikie ikisomwa kabla hawajatia dole gumba. Asubuhi, wakati wote wamekazana kumsafishia mkaguzi ngazi, nilitoka langoni, kitu kilichokatazwa, nikateremka hadi boma, kwenye ofisi za serikali, katika mvua. Karani akaruka nyuma na kiti chake.

"Mgonjwa wa kifua haingii ofisini!"

"Basi gonga mhuri haraka nitoke."

Akagonga nakala zote mbili.

Gari lilikwenda Kitandililo siku ya pili. Damari alirudishwa amebebwa, na mtoto wake wa mwisho, Tito, mwenye miaka mitatu, naye amepatikana na ugonjwa. Wako hai. Tito anadungwa sindano sasa hivi ninapoandika, na mama yake anasema analia kwa Kibena na kutukana kwa Kiswahili. Makohozi yangu yalipimwa upya, safi, nikarudi Makambako kabla ya Krismasi. Sikio halikurudi. Zakaria alihamishwa. Hakuna aliyeniomba radhi, na mkaguzi, naambiwa, alisifu ngazi.

Nilimtembelea Damari. Alisema, "Tulibadilishana kwa ajili ya pilipili zako," bila ubaya, kama mtu anayekumbuka njia aliyopita.

Eliza ananiita mama. Bibi yake naye anamwita mama. Kwenye dirisha letu kuna makopo matatu, kutokana na ule mche mmoja. Ukitaka mbegu, nitakupa. Ila kwanza andika jina lako kwenye kopo lako la makohozi, jina, na uangalie likiandikwa kitabuni. Na wakikufanyia kama mimi, barua yangu hii hapa. Inakili, badilisha majina.

*Kwa Bwana Mganga wa Wilaya, Njombe.*
*Nakala kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.*

*Bwana,*

*Mimi Marta, mke wa Yoramu wa Makambako, mgonjwa wa wodi ya kifua, naleta malalamiko.*

*Mwezi wa saba mimi na Damari wa Kitandililo tulibadilishana vitanda, yeye namba tisa, mimi namba kumi na nne. Sababu ilikuwa yangu: nilitaka jua la dirisha kwa miche ya pilipili. Sifichi. Dresa aliambiwa, akakubali. Makohozi yalipochukuliwa baada ya hapo, yaliandikwa kwa vitanda na si kwa watu. Hivyo mgonjwa amepelekwa kwa watoto wake akiambiwa amepona, na aliyepona ameendelea kudungwa sindano mpaka sikio moja limekufa.*

*Naomba, kwanza kabla ya yote, gari liende Kitandililo leo, si baada ya ukaguzi, limchukue Damari na kuwapima watoto wake watatu. Halafu nipimwe mimi upya. Halafu kila kopo la wodi hii liandikwe jina.*

*Wanawake kumi na saba wametia dole gumba hapa chini kwamba walituona tukihama.*

*Mkitaka ushahidi wa siku, umeandikwa kwa msumari kwenye kopo la maziwa. Sikulileta, kwa sababu ofisini makopo humwagwa. Liko tumboni kwangu, chini ya blanketi, kitanda namba kumi na nne. Njooni mlisome.*

*Marta, mama yake Eliza.*